Mpira wa Tumboni na Waliouzuia Usihame

Mgonjwa anayesafisha damu kwa njia ya tumbo anategemea mpira mmoja wa silikoni wenye urefu wa sentimita 40 hivi na unene wa milimita 5. Karibu nusu yake imelala ndani ya tumbo, ncha ikiwa chini kabisa kwenye nyonga, nyuma ya kibofu. Sehemu ya kati imepita ndani ya msuli na chini ya ngozi, na kipande kilichobaki kinatokeza nje pembeni mwa kitovu. Kwa kawaida mara nne kwa siku anaingiza lita 2 za maji ya dawa, anayaacha saa kadhaa yavute taka za damu kupitia utando mwembamba wa tumbo, kisha anayatoa. Hahitaji umeme wala mashine. Anahitaji mpira ukae pale ulipowekwa. Ncha ikihama ikapanda kuelekea ini au bandama, maji yanaingia vizuri lakini hayatoki, na mtu aliyekuwa akijitibu nyumbani anakuwa mgonjwa wa dharura.

Nimekuwa muuguzi wa figo sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilisomea uuguzi hapa Mwanza, nikafanya kazi Uingereza kwenye kliniki ya dayalisisi ya tumbo, na sasa naishi Nyegezi. Simu niliyoizoea kuliko zote ilikuwa ya asubuhi, kabla sijavua koti: "Sista, yameingia, hayarudi." Kwa hiyo historia ya tiba hii siwezi kuisoma kwa kuhesabu wavumbuzi na mashine zao tu. Naisoma kwa swali la muuguzi: kila kizazi kilitegemea nini kiushike mpira ndani ya mwili unaokohoa, unaoinama, unaobeba mtoto? Jibu lilianzia kwenye uzi wa daktari, likaingia kwenye nyama ya mgonjwa, na hatimaye likafika kwenye mkono wake mwenyewe. Hapo kwenye mkono ndipo sisi wa kanda ya ziwa tuna la kuchangia.

Tumbo lenye maji si habari ngeni ufukweni kwetu. Kichocho cha matumbo, kinachoambukizwa kwenye maji ya ziwa, huweza kuliharibu ini taratibu mpaka tumbo likajaa, na wauguzi wa Mwanza wameshika beseni chini ya sindano ya daktari tangu kabla sijazaliwa. Figo nazo zina habari zake hapa. Kichocho cha mkojo kinapatikana zaidi mbali na ziwa, kwenye malambo na majaruba ya Usukuma, na hushambulia kibofu na mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mwaka 1965 D. M. Forsyth na George Macdonald walichapisha uchunguzi wao wa wanafunzi wa shule ya Usagara, kusini mwa mji wa Mwanza. Baadaye wakafuatisha wa Donge, Unguja. Picha za eksirei zilionyesha mirija iliyopanuka na figo zilizoanza kuharibika kwa watoto waliokuwa wakihudhuria masomo kama wenzao. Nilipokuwa mdogo nilisikia wazee wakisema mkojo wa damu kwa mvulana ni dalili ya kubalehe. Nilipofika shule ya uuguzi ndipo nilipoelewa kwamba figo za baadhi ya wavulana wale zilikuwa zinazibwa kutoka chini.

Hospitali ya Bugando ilifunguliwa kilimani hapa Mwanza mwaka 1971, mwaka uleule hospitali ya KCMC ilipofunguliwa Moshi, zote mbili zikiwa kazi ya makanisa. Mpira ninaouzungumzia ulikuwa umeshatimiza miaka 3 huko Seattle. Lakini ulikuwa umetoka mbali sana kabla ya hapo.

Mwaka 1744 chama cha wanasayansi cha London, Royal Society, kilipokea taarifa ya Christopher Warrick, mpasuaji wa mji wa Truro kusini-magharibi mwa Uingereza. Alikuwa na mgonjwa, mwanamke, ambaye tumbo lake lilijaa maji tena kila alipomtoboa. Warrick akatoa maji yale, akamwingizia mchanganyiko wa maji ya chemchemi ya Bristol na mvinyo mwekundu. Mama yule aliumia vibaya, lakini baadaye maji yakakoma kurudi. Mchungaji Stephen Hales alipopata habari ile alitoa ushauri ambao mpaka leo unanishangaza: atumie mirija miwili kwa pamoja, mmoja uingize na mwingine utoe, ili tumbo lisinywee ghafla. Hawakuwa wakitibu figo, na hawakujua lolote juu ya taka za damu. Ila walikuwa wamegundua kwamba tumbo linaweza kumwagiwa maji na mtu akaishi.

Ikapita karibu miaka 180. Mwaka 1923 Georg Ganter wa Würzburg, Ujerumani, aliwafunga wanyama wa maabara mirija ya mkojo, akaona kwamba maji ya chumvi yanayoingizwa tumboni na kutolewa hupunguza sumu za damu. Akajaribu kwa binadamu pia. Chombo chake kilikuwa sindano, na sindano haina tatizo la kuhama kwa sababu haikai: unachoma, unaingiza, unachomoa. Wakati huo reli ilikuwa bado haijafika Mwanza. Ilifika mwaka 1928.

Mpira ulipoanza kuachwa ndani ndipo taabu ilipoanza. Mwaka 1946 huko Boston, Jacob Fine, Howard Frank na Arnold Seligman walimpitishia maji tumboni kwa siku kadhaa mgonjwa ambaye figo zake zilikuwa zimesimama, na figo zikaamka. Walitumia njia mbili, ya kuingiza na ya kutoa, karibu kama Hales alivyopendekeza. Wadudu walifuata mirija mpaka ndani. Na kulikuwa na adui mwingine, utando wa mafuta unaoning'inia mbele ya matumbo, ambao yeyote aliyewahi kuchuna mbuzi anaujua. Mwili unautuma utando ule kwenda kuzingira kitu chochote kigeni. Hauna habari kwamba kitu hicho ni tiba. Unakumbatia mrija, unaziba vitundu vyake, na mara nyingine unauvuta kabisa kutoka mahali pake.

Mwaka 1959 Morton Maxwell na wenzake wa Los Angeles walifanya kazi hii iwezekane katika hospitali za kawaida: maji yaliyotayarishwa mapema kwenye chupa, na mpira mmoja wa nailoni wenye vitundu vingi vidogo. Mwaka huohuo, San Francisco, Richard Ruben alimtibu mwanamke ambaye figo zake hazikuonyesha dalili ya kuamka. Kila alipopumzishwa tiba, hali mbaya ilimrudia. Akaachiwa tumboni mpira wa plastiki uliobuniwa na Paul Doolan, akawa anarudi nao nyumbani. Namheshimu sana mama yule. Alipika, alilala, aligeuka kitandani akiwa na kipande cha plastiki ngumu kilichoshikwa kwa uzi na plasta, na hakukuwa na muuguzi yeyote duniani aliyekwisha kuona hali hiyo akamweleza afanye nini.

Sehemu ya Seattle ndiyo ninayoirudia mara nyingi ninapofundisha. Fred Boen, daktari mzaliwa wa Indonesia aliyesomea Uholanzi, alifika huko mwaka 1962 kujaribu kuwasafisha kwa tumbo wagonjwa wa kudumu. Walijaribu kuacha tundu la bandia kwenye tumbo ili mpira uingizwe na kutolewa upendavyo. Maambukizi yakawashinda. Wakarudi kwenye njia ngumu: kutoboa upya kila mara. Henry Tenckhoff, daktari katika kundi lile, alikuwa akimfuata mgonjwa nyumbani kwake. Anafika jioni, anamtoboa, anaunganisha mashine, anaondoka. Mgonjwa analala akisafishwa usiku kucha, na asubuhi mpira unachomolewa na kidonda kinafunikwa pale pale nyumbani. Zamu inayofuata, daktari yuko mlangoni tena. Hivyo ndivyo ilivyokwenda, miezi na miezi, kutoboa mara mia na zaidi katika tumbo moja.

Hebu ufikirie utaratibu huo kwa mgonjwa wa visiwani kwetu, Ukara au Kome. Hata Seattle, penye barabara za lami na magari, haikuwezekana kuendelea. Lakini Tenckhoff alipata katika nyumba ile kitu ambacho daktari wa wodini hakipati: aliona maisha yote yanayouzunguka mpira. Aliona kitanda, ngazi, mke au mume anayesaidia. Naamini, ingawa yeye hakulieleza hivyo, kwamba mpira wake ulibuniwa na mtu aliyechoka kuwatoboa watu waliokwisha kuwa marafiki zake.

Msaada ulikuwa umeshaanza kuja kutoka Kanada. Mwaka 1964 Russell Palmer wa Vancouver, akishirikiana na fundi Wayne Quinton wa Seattle, alipata mpira wa silikoni, laini, usiochubua matumbo, ulioingia kupitia njia ndefu chini ya ngozi. Mwaka 1968 Tenckhoff na Harold Schechter wakaongeza kilichokosekana: pete mbili za kitambaa cha Dacron zilizogandishwa kwenye mpira. Pete ya ndani inakaa kwenye msuli, ya nje inakaa chini ya ngozi, sentimita chache kabla ya tundu la kutokea. Nyama ya mgonjwa inaota ndani ya nyuzi za kitambaa. Baada ya wiki 2 hadi 3 mpira haushikwi tena na uzi wa mtu; umeshikwa na mwili wenyewe, na wadudu wanaotambaa pembeni yake wanakuta njia imefungwa. Katika kazi yote ya figo sijui kitu kingine rahisi namna hii kilichookoa watu wengi hivi. Zaidi ya nusu karne imepita na mipira mingi inayowekwa leo bado ni mtoto wa ule.

Uhuru ulikuja kwa hatua nyingine. Mwaka 1976 Robert Popovich na Jack Moncrief wa Austin, Texas, walieleza kwamba maji yakiachwa tumboni mchana na usiku na kubadilishwa mara chache kwa siku, mashine haihitajiki kabisa. Dimitrios Oreopoulos wa Toronto akaleta mifuko ya plastiki badala ya chupa. Mgonjwa alikunja mfuko mtupu akauvaa chini ya nguo mpaka saa ya kutoa. Ulikuwa ukombozi, na wakati huohuo ulikuwa mzigo unaoning'inia kwenye mpira kutwa nzima. Muunganisho wa umbo la herufi Y, uliotoka Italia na Umberto Buoncristiani katika miaka ya 1980, uliruhusu mfuko utupwe kila baada ya kubadilisha maji, na mgonjwa akabaki na kipande kifupi tu cha mpira. Vitabu vinausifu muunganisho ule kwa kupunguza maambukizi, na ni kweli. Wauguzi waliusifu pia kwa sababu hakuna tena kilichokuwa kinauvuta mpira mchana kutwa.

Sasa nifike kwenye kuhama kwenyewe, maana hapa ndipo watu walipoumiza vichwa zaidi. Silikoni ina kumbukumbu ya umbo. Ukichukua mpira ulionyooka ukaupinda chini ya ngozi ili tundu litazame chini, unafanya kama ufito mbichi ulioukunja kujengea kibanda: mchana na usiku unatafuta kunyooka. Nguvu hiyo ndogo haikomi. Upande mmoja inasukuma pete ya nje mpaka inachungulia kwenye tundu. Upande mwingine inainua ncha kutoka nyongani. Na tundu likiachwa litazame juu ili mpira usipindwe, jasho, maji ya kuoga na uchafu vinatiririkia ndani. Madaktari walilazimika kuchagua kati ya mpira unaohama na tundu linalooza.

Aliyetoka kwenye mtego huo ni Zbylut Twardowski, daktari mzaliwa wa Poland aliyekuwa Chuo Kikuu cha Missouri. Katikati ya miaka ya 1980 yeye na wenzake walitengeneza mpira uliopindwa tangu kiwandani, ukaitwa shingo ya bata-maji. Ncha zote mbili zinatazama chini bila mpira kulazimishwa, kwa hiyo hauna sababu ya kujinyoosha. Katika kundi lile alikuwemo Barbara Prowant, muuguzi. Mwaka 1996 yeye na Twardowski walichapisha namna ya kulisoma tundu la mpira kwa kulitazama kwa karibu: rangi ya ngozi, unyevu, nyama changa ndani ya tundu, ukoko. Nilipoliona jina la muuguzi kwenye ukurasa wa kwanza wa kazi ile nilijisikia mtu. Kabla ya hapo nilidhani sisi tunaandika chati tu.

Wengine walijaribu njia zao. Toronto walitia visahani vya silikoni kwenye ncha ili vizuie mafuta na matumbo yasiusogelee mpira. Nicola Di Paolo wa Italia aliweka kipande cha tungsteni cha gramu 12 kwenye ncha, uzito uirudishe chini ikipanda. John Crabtree wa California alifundisha wapasuaji wanaotumia kamera ya tumboni wafanye mambo mawili: wapitishe mpira ndani ya ala ya msuli kwa sentimita kadhaa ukielekea chini, ili njia yenyewe iuelekeze nyongani, na utando wa mafuta unaofika chini sana waushonee juu usiufikie. Kwa watoto, ambao utando wao ni mchangamfu zaidi, wapasuaji wengi waliamua kuukata sehemu wakati wa kuweka mpira.

Kisha ukaja ulinganisho wa maumbo, ulionyooka dhidi ya uliojikunja ncha, uliopindwa dhidi ya usiopindwa. Tofauti hazikuwa kubwa kama wauzaji walivyotumaini. Umbo moja halikushinda mengine kwa namna ya kumaliza mjadala. Kilichobaki kuwa na uzito ni mkono wa anayeweka, mahali anapochagua, na yanayotokea baadaye nyumbani. Wataalamu waliposema hivyo sikushangaa. Nilikuwa nimeshaona mpira wa bei kubwa ukihama kwa sababu ya choo kigumu.

Niseme wazi juu ya choo, kwa sababu wagonjwa wetu huona haya na wakubwa wa wodi hulipita haraka. Utumbo mpana ukijaa unapanuka nyongani, unausukuma mpira na kuubana. Hii ni moja ya sababu za kawaida kabisa za maji kutotoka. Mgonjwa wa figo yuko kwenye hatari kila siku: amepunguziwa maji ya kunywa, amekatazwa baadhi ya matunda, na vidonge anavyopewa kuzuia fosfati, hasa vya kalsiamu, vinakausha choo. Kule kliniki, mtu akipiga simu kwamba maji hayarudi, kabla ya kufikiria kisu tulimuuliza alikwenda chooni lini. Tulimpa dawa ya kulainisha, akatembea, akageuka upande huu na ule, kisha eksirei. Mpira una mstari unaoonekana kwenye picha, kwa hiyo ncha haifichiki. Kwa wengi mpira ulirudi chini wenyewe. Mama wa Kisukuma anayekula ugali na dagaa, na aliyezoea matobolwa ya viazi vitamu, anahitaji mtu akae naye ampangie sahani hiyo, si kumwachia karatasi ya lishe inayotaja vyakula asivyovijua.

Jambo la pili ni alama. Mwongozo wa chama cha kimataifa cha dayalisisi ya tumbo wa mwaka 2019 unataka mahali pa tundu pawekewe alama kabla ya upasuaji, mgonjwa akiwa amevaa nguo zake, akiwa amesimama na akiwa amekaa, ili mkanda na mikunjo ya tumbo ionekane. Huko Uingereza tulifanya hivyo kwa suruali na sketi. Siku moja akaja mama wa Kikongo, mzungumzaji wa Kiswahili cha Bukavu, ambaye mpira wake ulikuwa unavutwa na tundu limekuwa jekundu. Mkanda wake haukuwa na shida. Wenzangu waliangalia plasta, wakabadilisha plasta. Mimi nikamuuliza nani anakaa na wajukuu. Akacheka, akasimama kunionyesha anavyomfunga mtoto mgongoni, na fundo la mbeleko likatua juu ya mpira palepale.

Tulihamisha fundo, likapanda juu ya matiti kama akina mama wengine wanavyofunga, na mpira tukaupa njia nyingine chini ya plasta. Hakuna kitabu kilichokuwa na ukurasa wa mbeleko. Tangu siku ile nikaanza kuandika orodha ya mambo ya mwili wa kwetu: fundo la kanga kiunoni, kitenge kinachokazwa wakati wa kuchota maji, ndoo inayoinuliwa kutoka chini mpaka kichwani, kuinama kwenye jaruba la mpunga, kusujudu, tangi la bodaboda linalogusa tumbo la dereva, mvuvi anayevuta nyavu za dagaa usiku kucha huku kamba ikisugua ubavu. Kila kimoja kina mahali pake tumboni, na kila kimoja kinaweza kuhama kikakutana na mpira.

Kwetu Tanzania tiba hii iliingia hasa kupitia figo zinazofeli ghafla. KCMC walianza mpango wao mwaka 2009, na mwaka 2012 Dkt. Kajiru Kilonzo na wenzake walitoa ripoti ya wagonjwa 20 wa mwanzo, ambao wengi wao figo ziliamka. Mwaka huohuo wa 2012 vyama vinne vya kimataifa vya wataalamu wa figo vilianzisha Saving Young Lives, mpango wa kufundisha madaktari na wauguzi wa nchi zenye uhaba namna ya kuwasafisha kwa tumbo watoto wenye malaria kali, kuhara na maambukizi yaliyosimamisha figo. Muda wa kusubiri mashine mtoto hana.

Mwaka 2014 ukatoka mwongozo uliosema jambo ambalo wengi wetu tulihitaji kulisikia likisemwa rasmi: pasipo na mpira wa kiwandani, tumia ulichonacho, kama mpira wa kulishia puani au wa kifuani, pasipo na maji ya kiwandani, yatengeneze kwa usafi kutokana na dripu zilizopo wodini. Ni uamuzi sahihi. Mtoto aliyekufa akisubiri kifaa bora hakusaidiwa na ubora wake. Lakini mpira wa kulishia hauna pete za Dacron. Hauna kumbukumbu ya kupindwa. Tumerudi mwaka 1959, kwenye uzi na plasta, na tofauti pekee ni kwamba sasa tunajua yote yaliyotokea baadaye.

Kwa hiyo kila kitu kinarudi kwa muuguzi na mama wa mtoto. Mpira unashonwa, unaandikwa alama ya wino pale unapoingia kwenye ngozi ili ukisogea hata kidogo uonekane. Plasta inashika mahali pawili, na kati yake mpira unaachiwa kitanzi, kusudi mkono wa mtoto ukivuta, kivutike kitanzi kabla ya ndani kuguswa. Nepi inakunjwa chini ya tundu. Mama anaonyeshwa namna ya kumpakata upande mwingine, na anaambiwa kwa lugha anayoielewa: "Mayu, huu ndio mkojo wake kwa sasa, usiuache uvutwe." Nimeona akina mama wasiojua kusoma wakiulinda mpira kwa umakini ambao wodi yenye wauguzi wawili na vitanda arobaini haiwezi kuufikia.

Kwa wagonjwa wa kudumu, Mwanza mpaka sasa ni mji wa mashine za kusafishia damu. Nashukuru kwa mashine hizo. Zamani mtu aliyekufa figo zote mbili kanda hii hakuwa na pa kwenda. Lakini mashine inamtaka mtu mara tatu kwa wiki. Anayetoka Ukerewe anafuata meli. Wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo-Busisi, la kilomita 3 hivi, lifunguliwe Juni 2025, ila nauli haikufutwa na daraja. Kwa watu wa visiwani, kusafisha damu kwa tumbo nyumbani kungekuwa tiba inayowafaa kabisa. Kikwazo ni mifuko. Lita 8 kwa siku ni lita 240 kwa mwezi, kwa mgonjwa mmoja, zikiwa safi, zikisafirishwa, zikitunzwa mahali pakavu. Sudan walianzisha mpango wa taifa mwaka 2005, na Thailand mwaka 2008 wakaifanya dayalisisi ya tumbo kuwa chaguo la kwanza kwa miaka mingi, mifuko ikifikishwa mpaka vijijini. Kwa hiyo inawezekana, na sioni sababu ya mjadala wetu kuanzia na kuishia kwenye ununuzi wa mashine zaidi.

Mifuko inangoja bajeti. Ujuzi wa kuutuliza mpira haungoji, na unaweza kufundishwa leo hapa Mwanza kwa kalamu, kanga na plasta. Ndiyo maana wauguzi vijana wanaonitembelea nawafundisha kwa miili ya watu wa hapa. Mmoja wao, binti wa Buchosa, aliniuliza mvuvi wa dagaa awekewe tundu upande gani.

"Mama, kitabu kinasema mkono wa kushoto au kulia, vyovyote," akaniambia.

Nikamwambia kitabu hakijawahi kuvuta wavu. Amwite mvuvi aje na mkanda wake na kipande cha kamba. Amwambie asimame akivute mbele yake kama yuko mtumbwini, mara nyingi, mpaka asahau kwamba anatazamwa, maana hapo ndipo mwili utakaposema ukweli. Kamba inaposugua, apaepuke. Mkanda unapokaa, apaepuke. Amkalishe, atazame mkunjo wa tumbo unapoangukia, apaepuke nao. Pale panapobaki aweke alama, tundu litazame chini, kisha ampe mvuvi kioo na kumwomba aioneshe kwa kidole bila kuinama wala kusaidiwa. Asipoiona vizuri mwenyewe, aifute, atafute mahali pengine waanze tena.